Bafundi wa mashini za matapi hapa Goma, muache kutuuzia pompe zetu wenyewe!!

Bandugu nisipoandika leo nitapasuka. Sisi wenye kusafisha matapi na mafotei, hoteli za Himbi, masalo ya watu, mabiro, hii mambo imetuchosha na hakuna mtu anaisema wazi.

Mashini yangu, ile ya kumwagia tapi maji ya sabuni na kuinyonya tena, iliacha kutoa maji. Motere inavuma, kunyonya inanyonya muzuri, lakini ukifinya pale ku mukono maji inatoka sawa mate. Napeleka kwa fundi moya wa Birere (simtaji, wenye kumjua watajua), hajafungua hata visi moja, anatega tu sikio: "Yaya, pompe imekufa, leta dola 180 nikuwekee ingine." Nikalipa juu kazi ilikuwa inaningoja. Ile ya zamani akabaki nayo, ati haina maana tena, atatupa.

Kisha siku kidogo, mwenzangu wa Katindo ananiita nimwangalizie mashini yake, wamemuuzia pompe "okazio ya Ulaya", ni kusema yenye ilishatumika. Nafungua, naona verni nyekundu ile nilipakaga mimi mwenyewe ku kichwa ya pompe yangu. Ileile! Marehemu! Inasukuma maji paka unaogopa. Tunaenda kumwona yule fundi wa Birere, hana hata haya, anatuambia pompe zote zinafananaka. Na verni pia zinafananaka??

Sasa musikie kitu hawatawaambia. Hii pompe ya mashini zetu nyingi haiko na uchawi. Ndani kuko membrani, ule mpira unaenda na kurudi, na viklape vidogo vya kuachilia maji ipite upande moja tu. Sabuni ya unga ambayo haikuyeyuka inakauka pale kwa klape, klape haifungi tena, presha inakwisha. Changarawe kadogo pia kanatosha, na sisi maji tunachota ku ziwa na bidon, tunatua bidon ku ule muchanga mweusi wa volkano, halafu tunamimina yote ndani ya tanki paka tone ya mwisho. Kale kachujio ka ndani ya tanki, ni nani hapa anakaosha? Wengine wamekatoa kabisa ati kanachelewesha maji!

Kwa hiyo mtu akikuambia imekufa, mwambie aangalie manometre kwanza, ile saa yenye mushale ya kupima presha. Ukifinya mukono na mushale unabakia juu lakini maji haitoki, pompe ni muzima, kale katundu ka kumwagia njo kameziba. Kama mushale uko chini na pompe inazunguka, aangalie kachujio, aangalie kama tiyo ya kuvutia inaingiza hewa, kisha njo afungue klape. Tena pompe ikishaingia hewa inaweza kuzunguka bure: unaunga tiyo ya kunyonya na kichwa ya tiyo ya maji, inavuta ile hewa, maji inafika. Dakika kidogo tu. Sasa ikiwa inavuja chini, hapo sawa, pengine membrani imepasuka, lakini hata hiyo ku pompe mingi inauzwaka peke yake na klape zake, haiko lazima ununue pompe nzima!

Na kuna wale wanasema "mashini haivute, pompe imeharibika". Weee. Kunyonya ni kazi ya motere ingine kabisa, pompe inasukuma maji safi basi. Fundi mwenye kubadilisha pompe juu mashini hainyonye, huyo ni mwizi ao hajui kazi, uchague.

Mabosi pia sijawasahau. Mnanunua okazio za Marekani za volti 115, mnachomeka ku 220 bila transfo ya kupunguza volti, moshi unatoka, ati pompe ilikuwa mbovu. Maji ikikosa mnaambia vijana warudishe maji chafu ya tanki ya kunyonyea ndani ya tanki safi (nimeona na macho yangu, tena kwa boma ya mtu mkubwa). Kazi ikiisha hakuna anayepitisha maji safi paka povu iishe. Mara kwa mara pitisha maji ya vuguvugu na vinegre, uache kidogo, kisha osha na maji mingi. Lakini musichanganye vinegre na javel (ile dawa ya kufanya nguo nyeupe) HATA SIKU MOYA, ile gazi inaua, na javel yenyewe inakula mipira ya pompe.

Ninachotaka ni hivi: fungua pompe mbele ya mwenyewe, nionyeshe kilichopasuka, na pyesi ya zamani nirudishie hata kama imekufa, ni yangu. Fundi anayekubali hivyo kama eko humu aandike kartie yake hapa chini. Niko na mashini mbili zimelala, nitamletea kesho asubui.