Tupeane uzoefu: kitanda cha mtoto mchanga, ulinunua, ulichongesha au ulilala nae tu?

Habari zenu wapendwa. Mimi nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, tumepanga chumba na sebule huku Tabata. Mume wangu kaona kitanda cha mtoto Kariakoo, kina magurudumu, kina droo, kina na kineti chake cha bluu, laki nne na nusu, amekipenda utadhani atalala yeye. Mama mkwe nae anasema vitu vya mtoto havinunuliwi kabla hajazaliwa, na eti huyo mume wangu mwenyewe alilala ubavuni kwake mpaka miaka mitatu na yupo mzima. Nipo katikati hapa. Nisimulieni yaliyowakuta nyie, ya gugo nimeshasoma.

Mama wa Kimara: Hongera mamii. Pima chumba kwanza. Sisi baba watoto alikifunga chote sebuleni, jasho linamtoka, anapiga na picha anawatumia ndugu zake, kufika mlango wa chumbani hakipiti. Kilaze, kiinue, kipitishe kwa upande, wapi. Akakifungua usiku ule ule na skrubu moja ikapotea mpaka leo hatuijui ilipo. Kilivyoingia sasa kabati likawa halifunguki vizuri, nguo zangu nazitoa kwa kupenyeza mkono kama mwizi. Mtoto kalala humo wiki tatu hivi, baada ya hapo kikawa cha kuwekea nguo ambazo hazijapigwa pasi 😂

Fundi Keko: Mimi nachonga hivyo vitanda. Wateja wengi wanakuja na picha kwenye simu na picha haina vipimo. Nawaambiaga nunua godoro kwanza ndo uje, futi nne kwa mbili ndo rahisi kupata, maana kitanda kikizidi godoro hata inchi mbili unabaki uwazi pembeni na katoto kakijisogeza kanaenda kuzamisha uso pale. Vidole viwili vikipita kati ya godoro na ubao ujue pamezidi. Fito nazo chukua kopo la soda, likipita katikati zimeachana mno, mwili unaweza kupita kichwa kikabaki. Cha mwanangu wa kwanza mbao zilinipelea nikapunguza fito mbili, nikajifariji si anafungwa kwenye nguo atatokea wapi, mke wangu akaja na kopo lake mbele ya vijana wangu wote wa karakana likapita mara tatu. Nilirudia kazi bure. Na vanishi muache ikauke, usikubali kubeba kitanda kilichopakwa jana, kikae nje hata wiki mbili harufu iishe.

Mdau wa Ubungo: Mkuu bei?

Fundi Keko: Inategemea mbao mkuu, mninga sio sawa na paini, njoo tuongee.

Mdau wa Ubungo: Mafundi bana 😂😂

Mama Likoni: Mie niko Mombasa. Kitanda nilipewa na wifi yangu, kimepambwa mito pande zote nne kama cha bibi harusi. Mwezi wa pili, joto lile, stima nazo zikapotea, mtoto akatoka vipele shingo yote. Nesi kliniki akaniambia mama toa mamito hayo yote, mtoto alazwe chali, godoro gumu, shuka iliyobana, basi. Wifi alinuna kidogo lakini nilitoa. Ile neti ya mwamvuli nayo ni ndogo, mkono wa mtoto ukiigusa mbu anauma kwa nje, kwa hivyo neti kubwa ya kliniki ndiyo niliyoning'iniza ikafunika kitanda kizima nikaikunja chini ya godoro.

Niko Ohio: Mamito hayo ya pembeni huku Marekani yalipigwa marufuku kuuzwa 2022, watoto walikuwa wanakosa hewa. Na vile vitanda vya ubavu wa kushusha na kupandisha vilitangulia, 2011, vyuma vikilegea ubavu unaachia upande mmoja mtoto anabanwa pale. Nimekuja likizo Dar nakuta dada yangu kanunua hicho hicho cha mtumba, anakisifia hakimuumizi mgongo akimtoa mtoto. Tulibishana siku mbili. Mwisho fundi akakivunja akatengeneza kibenchi, kipo barazani.

Baba mapacha: Sisi tulilala nao kitandani, futi tano kwa sita, watu wanne. Mimi nikilala ni gogo. Usiku mmoja naamka mkono wangu wote umemlalia mmoja kifuani, na hakulia wala nini, ananiangalia tu. Aisee sikulala tena hapo. Nilihamia kochi miezi minne, shingo mpaka leo ikigeuka inalia. Kitanda chao tulikuja kununua baadae tukakiweka chumba hicho hicho usawa wa mto wa mama yao, anasikia kila pumzi na kunyonyesha haendi mbali. Laki nne na nusu ya mumeo ni nyingi lakini kochi nalo lina gharama zake.

Mama wa Morogoro: Mimi naomba nimtetee mama mkwe. Mimba yangu ya kwanza nilinunua mapema kila kitu, ikaja kuharibika ya miezi saba hiyo hiyo, nikarudi nyumbani kitanda kipo na shuka nimeshatandika. Hakuna aliyejua akitoe au akiache. Ya pili nilimlipa fundi nusu, nikamwambia kikae kwako. Nimejifungua Jumanne, Alhamisi kikaletwa kwenye bodaboda, dereva kakipakata mbele na nyuma kafunga godoro. Huyo mtoto sasa yupo darasa la pili.

Mleta mada: Mama wa Morogoro nimelia hapa kazini, pole sana dada yangu. Nimempa mume wangu simu kasoma zote, la Kimara kalicheka halafu akaenda kupima mlango kimya kimya, kile cha Kariakoo hakipiti. Jumamosi tunaenda Keko na tepu na kopo la soda, tunalipa nusu kinabaki huko huko. Mama mkwe nimempigia nimemwelezea hivyo, akanyamaza weee, halafu akauliza, "Godoro nani ananunua, au mnataka ninunue mimi?"

Fundi, bei sasa?