Swali la kreti ya soda

Mjomba Rashidi: Mbunge gani wa Kinondoni alizaliwa China? Atakayekosa ananunua kreti Jumapili.

Salum: 😂😂 Mjomba leo umeamka na kamba.

Mjomba Rashidi: Derek Bryceson. Mwingereza, kazaliwa China 1922. Vita ya pili alikuwa rubani, akatunguliwa, tangu hapo akatembea na fimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 50 akaja kulima huku Kilimanjaro.

Salum: Setla! Halafu tukampa ubunge?

Shangazi Zuhura: Salum, amkia kwanza ndio ubishe.

Salum: Shikamoo Mjomba, shikamooni wote. Haya, setla aliingiaje TANU?

Mjomba Rashidi: Marahaba. Wakati huo hakuingia, kadi ya TANU ilikuwa ya Waafrika tu mpaka 1963. Ila uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Muasia mmoja. Ukiruka mmoja, kura yako imeharibika. Na kujiandikisha kwenyewe mpaka uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Wengi TANU walitaka kususia. Mwalimu akawabembeleza Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha chama chake. Sasa ukishakubali kura tatu, mzungu wa kumuunga mkono utamtoa wapi? Ndio akapatikana huyu.

Asha: Kumbe wa kujazia nafasi tu.

Mjomba Rashidi: 1958, sawa. Uchaguzi wa 1965 nani alitulazimisha kumchagua? Kura tatu zilishakufa. Alisimama na Mwafrika, akamshinda.

Salum: Mjomba, na ardhi? 1951 Wameru walitolewa Engare Nanyuki wakapewa wazungu, Kirilo Japhet akaenda kulia mpaka Umoja wa Mataifa. Mwaka unaofuata ndio huyu wako analima huko huko kaskazini.

Mjomba Rashidi: Hapo umenikamata. Sina la kumtetea.

Asha: Niko na Bibi, hataki kurekodi sauti, anasema niandike. 1965 anaikumbuka. Alama zilikuwa jembe na nyumba, wagombea wote wawili TANU, wanapanda jukwaa moja, na kutaja rangi ya mtu ilikuwa marufuku. Anasema hakukuwa na haja ya kutaja, si mnamwona 😂 Watu walikuwa wanaangalia ile fimbo anavyopanda nayo ngazi.

Shangazi Zuhura: Muulize alimpigia nani.

Asha: Kura ni siri. Anasema hata Babu alikufa hajui.

Salum: 🤣🤣

Mjomba Rashidi: Alikuwa waziri wa afya, akawa wa kilimo, mwisho akapewa hifadhi za taifa. 1975 akamuoa Jane Goodall.

Shangazi Zuhura: Yule mama wa sokwe wa Gombe?? Hili ndilo ungeanza nalo Rashidi, si habari za pauni.

Mjomba Rashidi: Huyo huyo. Hawakukaa sana, mume akafariki 1980 kwa saratani.

Asha: Bibi anauliza kreti inaletwa saa ngapi. Yeye hanywi za baridi.

Salum: Nusu kreti. Kwenye ardhi nilishinda mimi.

Mjomba Rashidi: Nzima. Swali lilikuwa kazaliwa wapi.