Eti Mji wa Kale wa Mombasa ni magofu? Tumetukanwa mbele ya wazee wetu

Waungwana, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Ninayemsema nyote mnamjua: ni yule bwana wa mradi wa ukarabati, mwenye ramani za rangi rangi na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga kichochoro cha Kibokoni. Ameinuka mbele ya wazee, mbele ya mabibi waliozaliwa, wakaolewa na kufiwa katika nyumba zile zile, akatamka kwamba hapa hapana cha kuhifadhi ila magofu. Magofu! Mbele ya wazee!

Mji ambao Msikiti wake wa Mandhry huhesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, kabla Mreno hajaanza kuijenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, leo unaitwa magofu na mtu asiyejua barabara yetu ya Ndia Kuu inaanzia wapi. Angesema nyumba zimechoka ningemwitikia, kwa sababu reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa zikashika njia ya bandari ya Kilindini, biashara iliihama Bandari ya Kale, na fedha za kutia chokaa na kubadilisha boriti zikahama nayo. Lakini gofu ni nyumba isiyo na watu, na sisi tumo ndani tunapika!

Kisha akaugonga ukuta kwa kidole, akasema dawa yake ni saruji. Hata mtoto wa fundi anajua kwamba ukuta wa matumbawe hupumua kwa chokaa, na kwamba ukiuvika saruji, unyevu na chumvi hubanwa ndani mpaka plasta ibanduke pamoja na mawe. Hilo la saruji ningelistahamili. Lile la magofu, mbele ya wazee, nitazikwa nalo.

Mwana wa Kuze: Nilikuwepo, ndugu yangu. Alipolitamka, mzee aliyekaa kando yangu aliinama kutafuta bakora yake, nami sikuona sababu ya kumzuia.

Fundi Chokaa: Chokaa hutaka kulowekwa na kungojewa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache. Mradi wenye nia njema ungeanza kwa kuwalipa hao wafunze vijana, badala ya kutuletea malori ya saruji.

Jirani Yako: Mwenye uzi, unalia kuliko wenye nyumba. Ya babu yenu imekuwa stoo ya magunia, na roshani yake inaning'inia juu ya vichwa vya watoto wa madrasa. Itengeneze hiyo kwanza, ndipo umkaripie mgeni.

Mwenye uzi: Nyumba hiyo ina warithi wengi wasioafikiana, na hilo ndilo linaloziangusha nyumba nyingi hapa kwetu. Je, linampa mtu ruhusa ya kusema magofu mbele ya wazee?

Mama Bondeni: Wanangu, ukarabati gani huu usiotaja mitaro? Mvua ya masika ikinyesha, maji machafu huingia mpaka ukumbini, na kila mradi unaokuja hupaka rangi milango ya mbele kwa ajili ya watalii, ukaondoka.

Mwana wa Kuze: Mama amesema kweli. Na nyaya za umeme je? Zimefunika nakshi za roshani, na hakuna kikao hata kimoja kilichozizungumza.

Msafiri wa Ndia Kuu: Mitaro na nyaya ni nafuu. Tuktuk zimejaa njiani hata jeneza halipiti, wachukuzi wanalazimika kuzunguka mitaa mizima, na hakuna anayeandika uzi.

Jirani Yako: Usizisingizie tuktuk peke yake, bwana. Baraza la nyumba yetu limevunjwa na pikipiki, nalo lilikuwa la mawe.

Mama Bondeni: Hata letu! Ninamtafuta kijana aliyelivunja, na anayemjua aniandikie hapa.