Nimepata chuo Malimbe, nipange chumba au nikae kwa baba mdogo Igoma?

Binti wa Sengerema

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Mi natokea Sengerema nimechaguliwa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, Mwanza, mwaka wa kwanza, naripoti mwezi ujao. Hosteli ya chuo nilichelewa mwenyewe kuomba maana nilikuwa nasubiri kwanza majibu ya mkopo, kwa hiyo hapo simlaumu mtu.

Sasa nyumbani hakulaliki. Mama anataka nikakae kwa baba mdogo Igoma, anasema mtoto wa kike hakai peke yake kwenye geto mjini, na baba mdogo mwenyewe ameridhia kwa moyo mmoja, mama mdogo ameshatoa na kitanda nilale chumba kimoja na wadogo zangu. Baba amekaa kimya ila aliniita pembeni akaniambia mwanangu nenda kaone kwanza kwa macho yako ndo uje tuongee.

Basi wiki iliyopita nikaenda. Siku hizi kutoka kwetu kwenda Mwanza sio kazi tena, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna habari ya kukaa juani unasubiri kivuko, unapita tu juu ya maji kilomita tatu hizo umeshavuka. Nikashuka Nyegezi dalali akanipokea, akachukua 10,000 ya kunizungusha kabla hata hatujapiga hatua. Akanionesha vyumba vitatu. Cha kwanza karibu kabisa na chuo, tailizi, choo ndani, 90,000 kwa mwezi na wanataka miezi sita. Cha pili Nyamalango 50,000 choo cha nje, miezi mitatu. Cha tatu kule Sweya 35,000, kikubwa, dirisha linaangalia ziwa, jamani nilikipenda nikajiona tayari nimekaa pale nasoma. Dalali akasema nitume hela leo leo kuna watu wanne wanakigombania. Sijatuma bado.

Hela niliyonayo ya kuanzia ni 300,000 ya mama, na mchele na maharage ya nyumbani. Mkopo nimepata, posho ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku lakini mpaka iingie sijui ntakuwa nimekula nini. Naombeni mnishauri kama mdogo wenu, nipange au nikae Igoma? Na kama ni kupanga, cha Sweya kina shida gani mbona bei iko chini hivyo?

Nyamalango Juu

Mdogo wangu usitume hela. Ata 5,000 usitume.

Mwaka wa Tatu Sasa

Karibu sana Malimbe mdogo wangu. Mi niko mwaka wa tatu hapa hapa na nimeshahama mara tatu kwa hiyo haya nakuambia niliyoyapitia mwenyewe.

Swali lako la Sweya jibu lake ni MAJI. Usiangalie tailizi, usiangalie dirisha, ukiingia tu kwenye nyumba uliza maji yanatoka siku gani na saa ngapi, na usimuulize dalali wala mwenye nyumba, muulize mpangaji unayemkuta anafua. Watu wa nje wanashangaa unawezaje kukosa maji wakati ziwa unaliona pale chini, lakini maji ya bomba lazima yasukumwe yapande kwenye hii milima yetu ya mawe, na nyumba ikiwa juu sana ndo inakuwa ya mwisho kupata. Mi mwaka wa kwanza nilikaa kwenye chumba kama hicho chako, kizuri, bei chee, ziwa linaonekana lote. Maji yalikuwa yanakuja usiku wa manane mara mbili kwa wiki, tena sio kila wiki. Unalala na sikio moja liko nje, ukisikia bomba linakohoa ile hewa puu puu puu unaruka na ndoo, yanaanza kutoka machafu rangi ya chai unayamwaga kwanza, na hapo wapangaji saba mko kwenye foleni kila mtu na madumu yake na asubuhi saa moja una tesiti. Yasipokuja unanunua dumu kwa wasukuma mikokoteni. Nilipokuja kupiga hesabu ya maji na bodaboda za usiku nikakuta chumba cha bei rahisi kinanigharimu kuliko cha mwenzangu aliyekuwa karibu na chuo.

Na kuna kitu kingine watu hawakisemi mapema. Maji yakikata watu wanashuka ziwani kufua na kuoga, na wewe ukiona wenzako wote wanaenda utaenda. Nakuomba usiende. Ziwa letu lina kichocho, haswa pale pembeni penye majani na maji yaliyotulia ndo konokono wake wanakaa, na kile kidudu hakikuingii kwa kunywa tu kinapenya ngozi umesimama tu maji ya magoti unasuuza mashuka. Nilikuwa na rafiki yangu tumbo likamsumbua muhula mzima akijua ni vidonda vya tumbo, kwenda kupima ni kichocho. Dawa ipo na inatibu, akapona, lakini mitihani ile aliifanya anaumwa. Kama umeshachotewa maji ya ziwa yaache kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili ndo uogee, hapo kile kidudu kinakuwa kimekufa, ila ya kunywa lazima uchemshe.

Mi ningekuwa wewe ningechukua cha Nyamalango kama maji yapo. Choo cha nje unazoea wiki moja tu.

Kaka wa Kishiri

Naomba nisemee upande wa kukaa kwa ndugu maana mi nilikaa kwa shangazi yangu Kishiri mwaka mzima nasoma chuo kimoja upande ule wa Nyegezi.

Shangazi alinipenda na mpaka leo nampenda. Sikulipa kodi, nilikula vizuri, nikiumwa kuna mtu wa kunipeleka hospitali. Lakini dada angu, kutoka huko mpaka Malimbe unakatiza jiji zima. Naamka saa kumi na moja giza, daladala ya kwanza, naunganisha ya pili, foleni ya Mkuyuni inanikuta hapo hapo, nafika kipindi cha saa mbili mwalimu yuko katikati. Jioni ndo kulikuwa na shida kubwa zaidi. Masomo ya chuo sio kama sekondari, mambo mengi yanafanyika kwenye diskasheni usiku, mtu anakuelewesha kitu saa mbili usiku ambacho mchana hukukipata, na mimi saa kumi na mbili nilikuwa nakimbilia gari. Kwenye kazi za kikundi jina langu lilikuwepo ila mimi sikuwepo, wenzangu wakachoka. Nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia.

Na pale nyumbani huwezi kukaa kama mgeni, ni kwako. Watoto wanataka uwasaidie homuweki, kuna duka la shangazi, kuna maji ya kuchota, na hakuna aliyekuonea hapo, ndo maisha ya familia. Mtu hakuoni unasoma anaona umekaa na simu. Sikuwahi kugombana na shangazi, nilikaa naye chini nikamweleza ukweli, nikamuonesha na matokeo, yeye mwenyewe ndo akanisindikiza kutafuta chumba.

Kwa hiyo ushauri wangu usimkatae baba mdogo. Mwambie umpe heshima yake akusindikize yeye kwenda kukagua vyumba. Dalali akimuona mtu mzima anaongea vingine kabisa.

Mama mwenye nyumba

Marahaba mwanangu. Mimi nina vyumba sita hapa Malimbe napangisha wanafunzi miaka mingi sasa, na mimi mwenyewe naishi humo humo ndani, nimeona nikwambie la upande wetu.

Mama yako usimuone anakubana, anachoogopa mimi nakielewa. Kuna mwaka nilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, mpole, haongei na mtu. Siku moja napita kufagia uwanja nikaona ndala zake ziko mlangoni vile vile nilivyoziona jana yake asubuhi, moja imepinduka hivyo hivyo. Nikagonga kimya. Nikagonga tena nikasikia mtu anaguna. Tukasukuma mlango tukamkuta malaria imemlaza siku mbili hajala hajanywa, simu imezima chaji. Tukambeba na bajaji. Alipona, amemaliza chuo, Krismasi ananipigia. Sasa niambie angekuwa kwenye zile nyumba ambazo mwenye nyumba yuko Dar anapokea tu kodi kwenye simu, nani angeangalia ndala?

Mwanangu tafuta nyumba ambayo mwenye nyumba anakaa humo humo. Vijana hamtupendi mnasema tunawabana na geti la saa nne, lakini hilo ndilo ukimwambia mama yako atalala usingizi. Na unapolipa, lipa kwa mwenye nyumba mkononi sio kwa dalali, mwandikishiane, iandikwe tarehe na miezi mingapi na LUKU, umeme wa kulipia kabla, inalipwaje, kila mtu abaki na karatasi yake. Kisha upite kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ujulikane umehamia. Dalali chake ni udalali, umpe ukishapata funguo sio kabla.

Na jioni nenda ukaangalie njia. Mchana kila njia ni nzuri. Nenda saa moja usiku uone kama kuna taa na watu wanapita.

Binti wa Sengerema

Asanteni sana jamani, mama shikamoo tena, hiyo ya ndala nimemsomea mama yangu kwa sauti akanyamaza kabisa halafu akasema "huyo mama yuko wapi nimjue". Baba mdogo nimempigia amekubali twende wote jumamosi jioni.

Naomba kuuliza hiyo LUKU, nyumba ya Nyamalango wapangaji ni watano mita moja, inakuwaje hapo? Na hela ya chakula mpaka bumu, ile posho ya mkopo, liingie?

Mwaka wa Tatu Sasa

LUKU ndo inavunja urafiki kuliko kitu chochote mdogo wangu, kuliko ata mapenzi. Mita moja mnachanga, sawa, lakini mmoja ana friji na mwingine anachemsha maji ya kuoga kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo na wewe una taa na simu tu, halafu mnachanga sawa sawa. Ukifika muulize kila mmoja ana nini chumbani, muombe mwenye nyumba aseme mbele ya wote kwamba mwenye jiko la umeme au hita anaongeza kiasi gani. Sisi tunapoishi kuna daftari limening'inizwa kwa kamba kwenye msumari chini ya mita, anayenunua anaandika jina, siku na yuniti, hakuna kesi tangu tuanze.

Chakula usiogope. Bumu la kwanza mara nyingi linachelewa, mpaka umalize usajili na usaini, kwa hiyo jipange kama vile halipo kwa mwezi mmoja na zaidi. Mchele na maharage ya Sengerema ndo mkombozi wako, ongeza na unga wa sembe, dagaa utanunua hapa hapa kwa bei nzuri. Mtungi mdogo wa gesi mnaweza kushea wawili. Mchana mkiwa na vipindi kula kwa mama ntilie, usiku pika. Likiingia sasa, lipia kodi ya miezi inayofuata siku hiyo hiyo kabla hujapita Makoroboi kuangalia nguo. Wiki ya bumu hapa Malimbe ni kama sikukuu, chipsi kuku kila kona, na wiki tatu baadaye wale wale wanagonga mlango wanaomba chumvi na mafuta. Wape, ata wewe siku yako itafika, ila usiwe wewe kila mara.

Na diskasheni tafuta ya watu wanne watano sio kumi na tano. Wiki ya kwanza tu.

Kaka wa Kishiri

Naongezea, nyumbani ni karibu sasa na daraja lipo, utashawishika kwenda kila ijumaa. Miezi miwili ya kwanza jikaze ubaki, wikiendi ndo watu wanajuana.

Binti wa Sengerema

Nimerudi na majibu. Jumamosi tumeenda na baba mdogo tukafika saa kumi na moja jioni tukakaa mpaka giza limeingia. Sweya tulianza huko, nikamkuta dada anatoka na madumu mawili nikamuuliza maji lini, akacheka akaniuliza "wewe ndo unachukua kile chumba? Mi nahama mwezi huu". Baba mdogo akaniangalia tu hakusema kitu. Wale watu wanne wanaokigombania hawapo, chumba bado kiko wazi wiki nzima imepita.

Nyamalango kile cha dalali mwenye nyumba hayupo, lakini nyumba ya tatu kutoka pale kuna bibi anaishi na wajukuu zake ana chumba kimoja kimeachwa na mwanafunzi aliyemaliza, 50,000 hiyo hiyo, ana simtanki juu na maji yanajaa, geti linafungwa saa nne. Tumeandikishiana, 150,000 ya miezi mitatu nimempa mkononi, baba mdogo kasaini kama shahidi. Dalali alilalamika kidogo baba mdogo akaongea naye wakaelewana. Jumapili ntakuwa naenda kula Igoma hayo ndo masharti yake na nimeyapenda.

Njia nimeiona usiku, kuna duka na fundi cherehani wanafunga saa tatu. Cha dirisha la ziwa kinaniuma bado kidogo siwezi kuficha.

Naripoti jumatatu ijayo. Kama kuna mtu anamaliza anauza godoro la futi tatu na nusu lisilobonyea katikati, na mtungi mdogo wa gesi, aniandikie humu humu ntakuja kuangalia mwenyewe.