Reli za chuma za roshani karibu na bahari: chuma kipi kifae, na zifungwe vipi?

Mjenzi_Kigamboni

Wakuu, habari za kazi. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, mita mia chache kutoka ufukweni, na sasa nimefikia hatua ya reli. Roshani ya mbele imetokeza nje ya ukuta bila nguzo chini yake, na slabu yake ina unene wa milimita 150. Nyuma kuna baraza la wazi juu ya gereji, ambako watoto ndiko watakakoshinda.

Fundi wa kwanza anashauri mabomba ya mraba ya chuma cheusi, apake rangi ya kuzuia kutu na kumalizia na rangi ya mafuta. Wa pili anasisitiza stenlesi kwa bei inayokaribia mara tatu ya hiyo, na anasema nikishaiweka sitaigusa tena. Mke wangu amependa mchoro wenye fito za kulala, kwa kuwa hauzuii kuiona bahari. Wenye uzoefu wa Pwani, naomba mnisaidie kuamua kabla sijatoa malipo ya awali.

FundiChuma_Msa

Hongera kwa ujenzi, ndugu yangu. Karakana yetu iko Mombasa na wateja wetu wengi ni wa Nyali na Bamburi, kwa hiyo upepo wa chumvi tunaufahamu. Chuma cheusi kilichopakwa rangi kwa brashi, kwa umbali huo kutoka baharini, kitaanza kutoa kutu kwenye viungo na kwenye pembe kali mapema mno, kwa sababu hapo ndipo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote. Mimi singekuwekea.

Hata hivyo, fundi wako wa pili hajakueleza yote. Stenlesi zinazouzwa madukani ni za daraja la 201, 304 na 316, na zikiwa zimeng'arishwa huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ya 201 ni rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya nikeli imepunguzwa na manganizi ikaongezwa, nayo hushika kutu haraka pwani. Ya 304 ina kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, na inafaa sana ndani ya nyumba. Ya 316 imeongezewa molibidenamu ya asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Ukiambiwa ujaribu kwa sumaku, usiridhike, kwa maana hata 201 kwa kawaida haivutwi na sumaku. Dai cheti cha kiwanda, au mwambie fundi alete dawa ya matone ya kupimia molibidenamu, ambayo hubadilika rangi ikikutana na 316.

Jambo jingine ni usafi wa karakana yenyewe. Jiwe la grenda lililokata chuma cheusi asubuhi likitumika mchana kusugulia stenlesi, huacha chembe ndogo za chuma juu yake, na kusi ikivuma kwa wiki chache utaona vidoadoa vya rangi ya chai kuzunguka kila kiungo. Vilevile, ile rangi ya buluu na dhahabu inayobaki pembeni mwa kiungo baada ya kuchomelea ni lazima iondolewe kwa dawa ya asidi, kisha pasuuzwe, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo. Na maneno ya kwamba hutaigusa tena si ya kweli: hata 316 inahitaji kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa upande wa chini wa reli ambako mvua haifiki.

Mhandisi_Majengo

Maelezo ya fundi ni sahihi, ila mimi ningeanzia chini, kwa kuwa reli nyingi huharibikia miguuni. Tukikadiria kuwa watu wataegemea reli ya juu kwa nguvu ya kilonyutoni 0.74 kwa kila mita, ambayo ni kama uzito wa kilo 75, na nguzo zimepishana kwa mita 1.2 huku reli ikiwa na kimo cha mita 1.1, basi kila nguzo inapinda kitako chake kwa karibu kilonyutoni-mita moja. Ikiwa umbali kati ya bolti za nyuma na ukingo wa mbele wa bamba la chini, yaani kipande bapa cha chuma kinachofunga nguzo kwenye slabu, ni milimita 80 tu, bolti za nyuma zinavutwa juu kwa nguvu ya kilonyutoni 12 hivi, yaani zaidi ya uzito wa tani moja. Skrubu fupi zilizopita kwenye vigae na plasta bila kuingia vizuri kwenye zege haziwezi kuhimili mvuto huo.

Roshani yako ya mbele inanitia wasiwasi zaidi. Slabu iliyotokeza bila nguzo hubebwa na nondo za juu, tofauti na slabu ya kawaida ya chumbani, na fundi akitoboa kwa drili bila kujua zilipo, anaweza kukata chuma kile kile kinachozuia roshani isianguke. Zitafutwe kwanza kwa kifaa cha kugundua nondo, kisha bolti zikae mbali na ukingo na zishikwe kwa gundi ya epoksi, kwa sababu bolti za kutanuka husukuma zege pembeni na zinaweza kulipasua likiwa karibu na ukingo.

Kuhusu chuma, kama bajeti inabana, ipo njia ya kati: chuma cheusi kilichokamilishwa kuchomelewa, kisha kikazamishwa chote kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi. Kila bomba liachiwe matundu ya kutolea hewa, kwani maji yaliyofungiwa ndani hugeuka mvuke na yanaweza kulipasua bomba hapo hapo kwenye birika. Baada ya kuzamishwa, pasiwe na kuchomelea tena eneo la ujenzi; vipande viunganishwe kwa bolti. Ukitaka rangi, anza na epoksi inayokubaliana na zinki, kwa sababu rangi ya mafuta ya kawaida humenyuka na zinki na kubanduka.

Mkazi_Tanga

Naunga mkono habari ya miguu. Nyumba tuliyowahi kupanga ilikuwa na nguzo zilizochimbiwa ndani ya slabu, na maji yalikuwa yakituama kuzunguka kila nguzo. Kutu ilipovimba ilipasua zege, vipande vikawa vinadondokea njia ya kuingilia, ilhali juu reli ilikuwa imepakwa rangi na inaonekana nzima kabisa. Mwambie fundi bamba la chini liinuliwe kidogo na pembezoni pazibwe vizuri, maji yasipate mahali pa kulala.

Mjenzi_Kigamboni

Nawashukuru sana wote. Naona nielekee kwenye 316 mbele na zinki nyuma. Je, fito za kulala zina ubaya gani, na nichukue kimo gani?

Mhandisi_Majengo

Kwa baraza ambako watoto wanashinda, nakusihi uziache. Fito za kulala ni ngazi; mtoto wa miaka mitatu huzipanda bila kufundishwa, mzazi akigeuka kidogo tu. Weka fito za wima, na nafasi kati yake isipitishe mpira wa milimita 100, kipimo kinachotumika Uingereza, na Marekani nao hutumia inchi 4. Fito nyembamba za wima, ukikaa kitini na kuitazama bahari moja kwa moja, hazizuii macho kiasi hicho, hivyo mama anaweza kuridhika akionyeshwa kipande cha mfano kabla ya kazi kuanza.

Kimo kiwe milimita 1100, na kipimwe kutoka juu ya vigae. Kama reli itafungwa sasa kwenye slabu tupu, jumlisha unene wa sakafu utakaofuata. Usipojumlisha, plasta na vigae vyenye unene wa jumla wa milimita 60 vitakuachia reli ya 1040. Ukipanga kuweka benchi la zege au kasha la maua kandokando ya ukingo, kimo kihesabiwe kutoka juu ya benchi au kasha hilo.