Pikapu ya dizeli imekata pumzi baada ya kuvaa tairi kubwa: difu ya 4.1, 4.3 au 4.556?

TrelaNyuma:
Wadau, naomba ushauri kabla sijamwaga oili ya difu (lile sanduku la gia kati ya magurudumu). Nina pikapu ya dizeli, lita 3.0 yenye tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa), giaboksi ya mkono gia tano, foo-wili ya kuchomeka mwenyewe unapoihitaji. Nilitoa tairi za 265/70R16 nikavalisha 285/75R16. Gari limependeza, sikatai. Ila tangu siku ile injini haina raha.

Kazi yake ni kuvuta trela la tangi la maji, likijaa linakaribia tani mbili. Naenda tupu, narudi limejaa. Kuna mlima mrefu, si mkali, ambao zamani niliupanda na gia ya tano kwa mwendo wa 80 bila hata kuuwazia. Sasa nikifika katikati mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unalala kwenye 1,500, funguo zilizo kwenye dashibodi zinaanza kutetemeka, na kwenye kioo naona moshi mweusi. Narudi ya nne. Ile milima niliyokuwa naipanda na ya nne nayo imeshakuwa ya tatu. Na nikirudi nyuma na trela kwenye kichuguu cha kumwagia maji, harufu ya klachi inaingia mpaka ndani.

Mafuta nayo yamepanda: nilizoea lita 11 kwa kilomita 100, sasa ni 12.

Fundi wangu anasema weka difu ya 4.556, yaani propela (ule mhimili wa kutoka giaboksi) izunguke mara 4.556 kwa tairi mara moja, umalize ubishi. Rafiki yangu anasema 4.1 inatosha. Na je, naweza kubadilisha difu ya nyuma peke yake? Ya mbele siitumii sana.

ChumaChakavu:
Rudisha tairi za zamani. Kwisha habari.

TrelaNyuma:
Nilijua hili litakuja la kwanza. Mkuu, barabara ya kisimani ni mawe matupu, na kwa tairi za mwanzo tumbo la difu lilikuwa linapiga mawe kila safari. Hizi zimeninyanyua karibu sentimita tatu. Sirudi huko.

MamaPinioni:
TrelaNyuma, kwanza kabisa: difu uliyonayo sasa ni namba gani? Hujasema, na bila hiyo wote hapa tunapiga ramli. Usiniambie "nadhani". Magari yanayofanana kwa sura hutoka kiwandani na difu tofauti, na lako likiwa limepita mikononi mwa watu, huwezi kujua nani alifungua nini.

Fanya hivi. Egesha pahala tambarare, giaboksi iwe nyutro, weka magogo kwenye tairi za mbele. Nyanyua tairi moja ya nyuma, nyingine ibaki imekanyaga chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi iliyo hewani na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mtu anahesabu propela. Ni miwili kwa sababu difu ya kawaida, tairi moja ikishikwa, hiyo nyingine huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu. Ukitaka uhakika zaidi zungusha tairi mara ishirini, hesabu propela, gawa kwa kumi.

TrelaNyuma:
Nimefanya. Mwanangu alilala chini akihesabu kwa sauti, mimi nazungusha. Tairi mara ishirini, propela imezunguka mara 37 na robo hivi.

MamaPinioni:
Basi ni 3.727: kraunwili ya meno 41, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 11. Hongera kwa mwanao.

Sasa tazama ulichokifanya. 265/70R16 ina kimo cha milimita 777, mzingo wake ni mita 2.44. 285/75R16 ina milimita 834, mzingo mita 2.62. Umeongeza asilimia 7. Gawa 3.727 kwa 1.073 unapata 3.47. Yaani ni kama mtu alikuja usiku akakufungia difu ya mwendo, yenye namba ndogo, akaondoka kimya kimya. Injini ni ileile, anayebeba mzigo na difu ya 3.47 ni wewe.

Kukadiria RPM si kazi: chukua kilomita kwa saa, zigeuze ziwe mita kwa dakika, gawa kwa mzingo wa tairi, zidisha kwa difu, zidisha kwa gia uliyomo. Gia ya tano ya giaboksi nyingi za aina yako ni karibu 0.85, nitumie hiyo. Mlimani kwako, mwendo wa 80:

Tairi za zamani na 3.727 ulikuwa 1,730.
Tairi za sasa na 3.727 uko 1,610.
Tairi za sasa na 4.1, 1,775.
Na 4.3, 1,860.
Na 4.556, 1,970.

Halisi zitazidi hizi kidogo, maana tairi hubonyea chini ya uzito. Lakini umeona mchezo ulipo? RPM 120 tu ndizo zilizokunyima raha. Kwenye dizeli yenye tabo, eneo hilo la 1,600 na kitu ndipo tabo nyingi zinapoamka. Ukiwa juu yake kidogo, unakanyaga mafuta na hewa inakuja. Ukiwa chini, unakanyaga mafuta na hewa haipo, mafuta hayaungui yote, na ndio huo moshi unaouona kwenye kioo. Joto la ekzosi nalo linapanda wakati geji ya maji imetulia kama kawaida, kwa hiyo hushtuki. Kulazimisha dizeli kwenye gia ya juu kwa RPM ndogo kunaiumiza kuliko kuiachia ilie 2,500.

Kwa hiyo 4.1 inakurudisha ulipokuwa, na chenji juu. Huyo wa 4.556 anatibu ugonjwa ambao huna.

DerevaWaUsiku:
Mama, nakuheshimu, lakini huyu anavuta tani mbili kila safari. Mimi ningeenda 4.3. Difu ya mzigo, yenye namba kubwa, ni ya mzigo. Ukifungua, fungua mara moja.

MamaPinioni:
DerevaWaUsiku, ungekuwa sahihi kama angekuwa anavuta limejaa kwenda na kurudi. Soma tena alichoandika: anaenda tupu. Nusu ya maisha ya gari hilo halina mzigo. TrelaNyuma, ukiwa tupu barabara nzuri unakimbia ngapi?

TrelaNyuma:
100, mara mojamoja 110 nikichelewa.

MamaPinioni:
Kwa 110, 4.1 inakupa 2,440, 4.3 inakupa 2,560, 4.556 inakupa 2,710. Hakuna itakayoua injini, lakini hiyo ya mwisho utaisikia kichwani safari nzima na mfukoni pia. Kingine ambacho watu hawakisemi: namba ikipanda huku kraunwili ikibaki saizi ileile, pinioni inapungua. Ya 4.1 ina meno 10, ya 4.556 ina meno 9 tu, nyembamba zaidi, na ndiyo inayobeba kishindo unapoondoka na tani mbili. Tena kumbuka una giaboksi. Kutoka ya tano kwenda ya nne ni tofauti ya asilimia 18, kubwa kuliko tofauti ya 3.727 na 4.1. Mlima ukizidi, rudi ya nne, hakuna aibu. Difu unaichagulia ile gia unayokaa nayo muda mrefu, si ule mlima mmoja mbaya.

Kuhusu mafuta: hapo spidomita imekudanganya nusu. Kama inasoma kutoka giaboksi, tairi kubwa zinaifanya ihesabu pungufu. Ikionyesha 100 wewe uko 107, na kilomita 100 zake ni 107 za kweli. Hizo lita 12 zako ni kama 11.2. Umeongeza kidogo, si lita nzima.

Na hapana, usibadilishe ya nyuma peke yake ukabaki na foo-wili. Siku ukiichomeka kwenye sehemu kavu, mbele inataka mwendo huu, nyuma ule, na kinachovunjika kinakuwa ghali kuliko difu uliyoikwepa. Kama spea ya mbele inachelewa, toa propela ya mbele kabisa uiweke nyumbani, ili asije mtu akavuta ile gia kwa kusahau.

ChumaChakavu:
Hapo kwenye propela nakuunga mkono. Mimi nilisahau. Sitaki kusimulia.

FundiBeringi:
Naongeza la gereji tu. Kraunwili na pinioni vinunuliwe kama seti, vimesagwa pamoja, usichanganye. Beringi na sili weka mpya. Simama hapo fundi anapopaka rangi kwenye meno: alama ikae katikati ya jino, isipande nchani wala kuzama shinani. Uchezaji wa meno kwa difu nyingi ni 0.15 hadi 0.20 ya milimita, ila fuata kitabu cha gari lako. Fundi akikuambia anapima kwa mkono, mwombe funguo zako.

Ukishafunga, endesha taratibu nusu saa, acha ipoe kabisa, rudia. Kilomita 800 za kwanza usivute trela, kisha mwaga oili hata kama inaonekana safi.

TrelaNyuma:
Narudi na majibu. Nilifunga 4.1 mbele na nyuma. Nimevumilia zile 800 bila trela (maji niliazima gari la watu), oili ilitoka na ungaunga wa kijivu, nikaweka mpya.

Jana nimepanda ule mlima na tangi limejaa. Gia ya tano, 80, mshale kwenye 1,800, funguo zimetulia. Moshi ulitoka mara moja tu nilipokanyaga kwa nguvu. Klachi kwenye kichuguu bado inanuka kidogo.

MamaPinioni:
Hapo kichuguuni ni udongo au zege?

TrelaNyuma:
Udongo.

MamaPinioni:
Basi chomeka ile gia nzito ya foo-wili uwe unarudi nayo nyuma polepole. Sasa mbele na nyuma zinalingana, ndiyo kazi yake.