Mchicha na maharage kila siku, damu bado iko chini

Mpishi_Moro: Wakuu, mjamzito anakula mchicha na maharage kila siku, anashushia chai ya rangi. Kipimo kinaonyesha damu iko chini. Kinachokosekana ni nini?

LisheBora: Chai ndiyo ya kwanza kuhamisha. Tanini zake hushikana na madini ya chuma tumboni, yanatoka bila kufyonzwa. Chai na kahawa zisubiri saa moja hadi mbili baada ya kula. Kisha nusu ndimu ikamuliwe kwenye mboga ikiwa tayari sahanini, maana vitamini C haivumilii moto. Pera au chungwa kwenye mlo huohuo linafaa pia. Likiliwa jioni halisaidii mboga ya mchana.

Mama_Bustani: Maharage yaloweke usiku kucha, maji yamwage, pika kwa maji mapya. Hapo fitati inayobana chuma na zinki inapungua. Magadi usitie, yanaharibu vitamini. Ukitupia dagaa wachache kwenye mboga, chuma cha majani nacho kinafyonzwa vizuri zaidi.

LisheBora: Naam, dagaa ni muhimu sana. Ila kwa kalisi, madini ya mifupa, msitegemee mchicha; oksaleti yake, kemikali ya asili ya majani, inaifunga isifyonzwe. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, hiyo ndiyo ya kutegemea.

Mpishi_Moro: Na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki?

LisheBora: Asiviache hata siku moja! Chakula peke yake hakitoshi damu ikishashuka. Ameze kwa maji, kamwe si kwa chai wala maziwa.